Mguu Unaogoma Mbioni: Matatizo ya Ateri za Miguu kwa Wanamichezo

MADA: Usafirishaji wa vitu katika mamalia (matumizi ya maarifa)

Ukimaliza kusoma sehemu hii utaweza:
(a) kufuata njia ya damu kutoka moyoni hadi kwenye unyayo;
(b) kueleza kwa nini ateri iliyobanwa huleta maumivu wakati wa kazi na si wakati wa kupumzika;
(c) kukokotoa na kutafsiri uwiano wa presha ya kifundo cha mguu na mkono;
(d) kutofautisha tatizo la ateri na matatizo mengine ya mguu;
(e) kueleza njia za tiba na sababu za kila njia.

1. Kisa cha kuanzia

Soma kisa hiki kwanza. Kimetungwa kwa ajili ya zoezi, lakini dalili zake ni zile ambazo madaktari hukutana nazo kweli.

Mwanafunzi M ana miaka 18 na yuko kidato cha nne katika kata ya Mnyambe, wilayani Newala. Hukimbia mita 5,000, na mwaka huu anatafuta nafasi ya kwenda UMISSETA. Kila jioni hufanya mazoezi barabarani. Kilomita mbili za kwanza huenda vizuri. Akiingia ya tatu, kigimbi cha mguu wa kushoto huanza kukaza, kisha huuma, kisha unyayo hufa ganzi na kuwa wa baridi. Akisimama, maumivu huisha ndani ya dakika tatu hivi. Akianza tena, hurudi, na safari hii mapema zaidi. Mguu wa kulia hauna shida yoyote.

Bibi yake amemchua kwa mafuta, haikusaidia. Zahanati wamempima malaria, wingi wa damu na presha ya mkono, vyote viko sawa. Wameutazama mguu, hauna uvimbe wala jeraha. Wenzake wanasema ni mvivu anayetafuta sababu, na yeye mwenyewe ameanza kufikiria kuacha mbio.

Swali letu ni hili: je, M ni mvivu, au kuna kitu ambacho vipimo vile havikuweza kukiona? Usijibu sasa. Tutarudi kwa M kila tunapopata ushahidi mpya.

2. Njia ya damu kutoka moyoni hadi unyayoni

Damu yenye oksijeni hutoka ventrikali ya kushoto na kuingia aota. Aota hushuka kifuani na tumboni. Karibu na usawa wa kitovu hugawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila upande. Kila tawi huitwa ateri ya iliaki. Tawi hilo nalo hugawanyika: la ndani hulisha viungo vya nyonga, na la nje hushuka kuelekea mguuni. Likishapita kinena huitwa ateri ya paja. Ateri ya paja hushuka, hupita nyuma ya goti, na hapo huitwa ateri ya nyuma ya goti. Chini ya goti hugawanyika tena na kulisha kigimbi, ugoko na unyayo.

Katika njia hii kuna sehemu nne ambapo unaweza kuhisi mapigo kwa vidole: kinenani, nyuma ya goti, nyuma ya kifundo cha mguu upande wa ndani, na juu ya unyayo. Jaribu sasa hivi. Kaa, vua kiatu, weka vidole viwili juu ya unyayo, kwenye mstari unaotoka kati ya kidole gumba na cha pili. Usikandamize sana. Usipoyapata usiogope, kwani baadhi ya watu wazima wa afya mapigo ya hapo hayahisiki. Jaribu nyuma ya kifundo.

Tazama pia sehemu mbili ambazo mguu hujikunja: kinenani na nyuma ya goti. Ateri hupita katika mikunjo hiyo yote miwili. Mkimbiaji au mwendesha baiskeli huikunja mara maelfu katika zoezi moja. Matatizo tutakayoyasoma hutokea katika mikunjo hiyo au karibu nayo.

3. Mahitaji na ugavi

Hapa ndipo penye kiini cha mada, kwa hiyo soma polepole.

Mtu mzima akiwa amepumzika, moyo wake husukuma karibu lita 5 za damu kwa dakika. Misuli ya mwili hupata kiasi cha asilimia 20 ya damu hiyo, yaani lita 1. Akikimbia kwa nguvu zake zote, moyo wa mtu aliyefanya mazoezi unaweza kusukuma lita 25 kwa dakika, na misuli ikachukua asilimia 80. Kokotoa:

Kupumzika: 20/100 × 5 = lita 1 kwa dakika
Kukimbia: 80/100 × 25 = lita 20 kwa dakika

Mahitaji ya misuli yamepanda mara 20. Sehemu kubwa ya damu hiyo huenda miguuni, na kwa kila mguu hakuna njia kubwa nyingine ila ile ateri moja ya iliaki ya nje.

Sasa fikiria maji. Wewe wa Uwanda wa Makonde hili unalijua vizuri. Udongo wetu wa mchanga hunywa mvua yote, juu ya uwanda hakuna mto, na maji lazima yasukumwe kwa pampu kutoka vyanzo vya bondeni kama Mitema. Tuseme bomba la kijiji limepondeka mahali fulani. Usiku, watu wamelala, mtu mmoja akifungua bomba lake maji yatatoka vizuri tu, na hakuna atakayejua kwamba kuna tatizo. Asubuhi, kila nyumba ikifungua kwa pamoja, wa mwisho wa laini atapata matone. Upana wa bomba ni uleule wa usiku. Mahitaji ndiyo yaliyopanda, na ile sehemu iliyopondeka ikaonekana.

Mguu wa M ni kijiji hicho. Zahanati walimpima akiwa amekaa kwenye benchi, na hiyo ndiyo saa ya usiku ya mguu.

Hata kupungua kidogo kwa upana wa mshipa kuna athari kubwa. Katika karne ya 19 mtafiti wa Kifaransa aitwaye Poiseuille alionyesha kwamba, katika bomba nyoofu lenye msukumo usiobadilika, mtiririko hutegemea nusu kipenyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Chukua bomba lenye nusu kipenyo cha milimita 4 likapungua hadi milimita 3 katika urefu wake wote:

(3/4) × (3/4) × (3/4) × (3/4) = 81/256 = 0.32 (takriban)

Milimita moja tu imepungua, lakini mtiririko umebaki karibu theluthi moja. Ateri ya mtu si bomba nyoofu la chuma, na kwa kawaida hubanwa sehemu fupi tu, kwa hiyo usichukue tarakimu hii kama ilivyo. Chukua fundisho lake: mabadiliko madogo ya upana, athari kubwa ya mtiririko.

Damu isipotosha, seli za msuli hukosa oksijeni. Hapo huongeza upumuaji wa seli usiotumia oksijeni, ambao hutoa nishati kidogo na asidi ya laktiki. Msuli hukaza, huuma na huishiwa nguvu. Neva nazo zikikosa damu, ganzi huingia. Ngozi isiyopata damu ya joto hupoa. Dalili zote za M zimepata maelezo, na hakuna hata moja iliyohitaji neno uvivu.

4. Ni nini kinachoibana ateri ya kijana?

Kwa wazee, wavutaji sigara na wenye kisukari, ateri za miguu huziba kwa mafuta yanayojijenga ndani ya kuta. Lakini mwanamichezo wa miaka 18 au 25 kwa kawaida hana mafuta hayo. Kwake kuna sababu kuu mbili.

*(a) Endofibrosisi ya ateri ya iliaki.* Ukuta wa ndani wa ateri hunenepa kwa tishu ngumu ya nyuzinyuzi, si kwa mafuta. Tatizo hili lilianza kuelezwa na madaktari wa Ulaya katika miaka ya 1980, na wagonjwa wao wengi walikuwa waendesha baiskeli wa mashindano. Tazama mkao wao: mgongo umeinama, nyonga imekunjwa, paja linapanda na kushuka kwa saa nyingi, na damu inapita kwa kasi kubwa. Ateri hukunjwa na kunyooshwa bila kupumzika, na wakati mwingine msuli mnene wa nyonga huisukuma. Ukuta hujeruhiwa kidogo kidogo na kujijenga upya ukiwa mnene. Maumivu huwa kwenye paja, tako au kigimbi, mara nyingi mguu mmoja. Wakimbiaji na wapiga makasia pia hupata, ila waendesha baiskeli ndio wengi.

*(b) Kubanwa kwa ateri nyuma ya goti.* Baadhi ya watu huzaliwa na ateri iliyopita njia isiyo ya kawaida, au msuli wa kigimbi ulioshikwa mahali pasipo pake. Wengine wana maumbile ya kawaida, lakini msuli wa kigimbi umenenepa kwa mazoezi. Kila mara msuli unapokaza, huiminya ateri dhidi ya mfupa. Maumivu huwa kwenye kigimbi na unyayo, na wengi wa wagonjwa ni vijana.

Tatizo hili la pili lina historia ya kukutia moyo wewe mwanafunzi. Mwaka 1879, mwanafunzi wa udaktari wa Edinburgh aitwaye Anderson Stuart alikuwa akichunguza mguu uliokatwa wa mzee wa miaka 64. Aliona kwamba ateri ya nyuma ya goti haikufuata njia iliyochorwa vitabuni, bali iliuzunguka msuli wa kigimbi. Hakusema "labda nimekosea kukata." Alichora na kuandika alichokiona. Zilipita miaka 80 kabla ya daktari Hamming wa Leiden, Uholanzi, kueleza mwaka 1959 jinsi mtoto wa miaka 12 alivyofanyiwa upasuaji wa tatizo hilohilo. Uchunguzi mwaminifu hauharibiki kwa kukaa.

5. Si kila maumivu ya mguu ni ateri

Mtahiniwa makini hatoi jibu kabla ya kulinganisha. Jedwali hili linaonyesha matatizo yanayofanana.

| Tatizo | Maumivu huja lini | Huondoka lini | Alama ya kutofautisha |
|---|---|---|---|
| Ateri iliyobanwa | Kasi au umbali uleule kila mara | Dakika chache baada ya kusimama | Unyayo baridi, ganzi, mapigo hafifu baada ya kazi |
| Presha ndani ya mfuko wa msuli | Wakati wa kazi | Polepole, mara nyingi zaidi ya dakika 10 | Msuli mgumu, umejaa. Mapigo yapo |
| Ufa mdogo wa mfupa | Kila unapokanyaga | Hubaki hata baada ya zoezi | Sehemu moja ya mfupa inauma ukiigusa |
| Damu iliyoganda kwenye vena | Hata ukipumzika | Haiondoki | Mguu umevimba na una joto |
| Upungufu wa damu | Kazi yoyote | Ukipumzika | Miguu yote miwili, kuhema, uchovu wa mwili mzima |

Zingatia tofauti ya ateri na vena, maana watahiniwa wengi huichanganya. Ateri hupeleka damu mguuni. Ikizuiwa, mguu hupungukiwa: unapoa, unapauka, unakosa nguvu. Vena hurudisha damu moyoni. Ikizuiwa, damu hukwama mguuni: mguu unavimba na kupata joto. Ukikumbuka mwelekeo wa damu, hutahitaji kukariri dalili.

Rudi kwa M. Mguu mmoja, kilomita ileile, dakika tatu za kusimama, unyayo baridi. Mstari wa kwanza wa jedwali ndio unaomfaa zaidi. Lakini kufaa si kuthibitisha. Sasa tupime.

6. Uchunguzi: pima baada ya kazi

*Hatua ya 1: maswali.* Maumivu yako wapi? Huanza baada ya umbali gani? Huchukua dakika ngapi kuisha? Mgonjwa anayejibu kwa tarakimu humsaidia daktari kuliko anayesema tu "mguu unauma sana." M angefanya vizuri kuwa na daftari lenye tarehe, umbali na dakika.

*Hatua ya 2: mapigo.* Daktari hugusa sehemu zile nne, mguu mmoja baada ya mwingine. Kisha humwambia mgonjwa anyooshe unyayo chini kwa nguvu, kama anayesimama kwa vidole, halafu aukunje juu. Mapigo ya unyayo yakipotea, ateri ya nyuma ya goti inashukiwa. Hata hivyo, baadhi ya watu wasio na ugonjwa mapigo yao hupotea wakikaza sana, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi.

*Hatua ya 3: uwiano wa presha.* Daktari hupima presha ya juu, ile ya sistoli, mkononi na kwenye kifundo cha mguu. Kisha hugawanya:

Uwiano = presha ya kifundo ÷ presha ya mkono

Mtu mwenye afya akiwa amepumzika hupata kati ya 1.0 na 1.4. Uwiano wa 0.9 au chini huashiria ateri iliyobanwa. Kisha mgonjwa hukimbia kwenye mashine au huendesha baiskeli hadi maumivu yaje, halafu hupimwa tena haraka, ndani ya dakika ya kwanza. Hizi ni tarakimu za M, kwa zipimio vya milimita za zebaki:

| Wakati | Mkono | Kifundo cha kulia | Kifundo cha kushoto |
|---|---|---|---|
| Kabla ya kukimbia | 120 | 132 | 126 |
| Dakika 1 baada ya kukimbia | 180 | 153 | 90 |

Kabla: kulia 132 ÷ 120 = 1.10; kushoto 126 ÷ 120 = 1.05. Yote mawili ni ya kawaida.
Baada: kulia 153 ÷ 180 = 0.85; kushoto 90 ÷ 180 = 0.50.

Usikimbilie kusema mguu wa kulia nao ni mgonjwa. Baada ya kazi nzito mishipa ya misuli ya miguu huwa imepanuka na presha ya mkono imepanda, kwa hiyo uwiano hushuka kidogo hata kwa mtu mzima wa afya. Ndiyo sababu kipimo cha 0.9 hakitumiki hapa. Kwa wanamichezo, madaktari hutumia kiwango cha karibu 0.66 katika dakika ya kwanza baada ya kazi. Mguu wa kushoto umeshuka hadi 0.50, chini ya kiwango hicho na chini sana ya mwenzake.

Angalia tena safu ya kwanza ya jedwali. Kama M angepimwa akiwa amepumzika tu, angeambiwa "huna ugonjwa," na aliyemwambia asingekuwa amedanganya. Alichokosa ni kupima kwa wakati unaofaa.

*Hatua ya 4: picha.* Ultrasaundi ya Dopla huonyesha ateri na kasi ya damu. Hutumia kanuni iliyoelezwa na Christian Doppler mwaka 1842: mawimbi yanayorudi kutoka kwenye kitu kinachosogea hubadilika marudio. Damu inayopita kwenye sehemu nyembamba huenda kwa kasi zaidi, na mashine huiona. CT skani au MRI yenye dawa ya kung'arisha mishipa huchora njia yote ya ateri. Picha hizi nazo hupigwa mguu ukiwa umetulia, kisha ukiwa umekunjwa au umekazwa, kwa sababu ileile.

Mtu wa Mnyambe huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Akihitaji zaidi hupewa rufaa, kwa mfano kwenda Ndanda wilayani Masasi au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mtwara. Upasuaji wa mishipa ya damu hufanywa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Safari ni ndefu na ina gharama. Kwa hiyo kueleza dalili zako vizuri katika ngazi ya kwanza kuna thamani kubwa, maana rufaa huandikwa kutokana na maelezo.

7. Tiba na sababu zake

*Kupunguza mzigo.* Mwenye endofibrosisi akiacha mashindano, mara nyingi huishi maisha ya kawaida bila maumivu, kwa kuwa mahitaji ya damu yameshuka chini ya uwezo wa ateri. Mwendesha baiskeli anaweza pia kuinua usukani ili nyonga isikunjwe sana. Hili hupunguza dalili lakini haliondoi ukuta ulionenepa.

*Kuifungua njia ya ateri.* Kwa aliyebanwa nyuma ya goti na maumbile yasiyo ya kawaida, daktari hukata sehemu ya msuli au nyuzi zinazoibana. Ateri ikiwa bado nzima, hilo linaweza kutosha. Akichelewa sana, ateri inayominywa kila siku huweza kuharibika, kuziba au kutoa donge la damu. Hapo upasuaji huwa mkubwa zaidi.

*Kutengeneza ukuta.* Katika endofibrosisi, daktari huweza kupasua ateri, kuondoa tabaka lililonenepa, na kushona kiraka cha vena iliyochukuliwa mguuni mwa mgonjwa mwenyewe.

*Kuchepusha damu.* Sehemu iliyoharibika ikiwa ndefu, vena hushonwa kama barabara ya mchepuko. Swali la kupima akili: kwa nini daktari huigeuza vena hiyo juu chini kabla ya kuishona? Kwa sababu vena ina vali zinazoruhusu damu kupita upande mmoja tu, kuelekea moyoni. Isipogeuzwa, vali zitaizuia damu inayoshuka mguuni.

*Kwa nini wasitumie kijibomba cha chuma?* Wazee wenye mafuta kwenye ateri hupanuliwa kwa puto na kuwekewa stenti. Kwa mwanamichezo mwenye endofibrosisi madaktari wengi huepuka njia hiyo, kwa kuwa nyonga inayokunjwa mara maelfu huweza kuivunja stenti au kuifanya ateri izibe tena.

Je, mtu hurudi michezoni? Wapo wanaorudi. Stuart O'Grady wa Australia alifanyiwa upasuaji wa ateri ya iliaki mwaka 2002, akapata dhahabu ya Olimpiki Athens mwaka 2004. Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa alifanyiwa upasuaji wa endofibrosisi mwaka 2019, akashinda dhahabu ya baiskeli za milimani katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Lakini upasuaji wa ateri una hatari zake: kutoka damu, maambukizi, kuziba tena. Si kila mtu hupona kama hao wawili. Uamuzi ni wa mgonjwa, familia yake na daktari, baada ya kupima faida na hasara.

8. Dharura usiyopaswa kungoja

Maumivu ya M huja na kuondoka. Ni tofauti kabisa na mguu ambao ghafla unauma sana, umepauka, umepoa, hauna mapigo, una ganzi na hausogei, nao haurudii hali yake hata ukipumzika. Hiyo ni ateri iliyoziba. Msuli usiopata damu kabisa huanza kuharibika moja kwa moja ndani ya saa sita hivi. Usichue, usikande kwa maji ya moto, usifunge bendeji ya kubana, usingoje kesho. Nenda hospitali saa ileile.

9. Maswali ya marudio

1. Mwendesha baiskeli ana presha ya mkono 190 na ya kifundo cha kushoto 114, dakika moja baada ya zoezi. (a) Kokotoa uwiano. (b) Toa maoni.
2. Eleza kwa nini mguu wenye ateri iliyobanwa huwa baridi, na wenye vena iliyoziba huwa na joto.
3. Mtu anasema: "Hospitali walimpima, hana kitu, basi anajifanya." Tumia maarifa ya mahitaji na ugavi kumjibu.

*Dokezo la majibu*

1. (a) 114 ÷ 190 = 0.60. (b) Uko chini ya 0.66, kwa hiyo ateri ya mguu huo inashukiwa kubanwa. Apimwe kwa ultrasaundi au CT skani. Usiandike "ana ugonjwa" bila ushahidi wa picha.

2. Ateri huleta damu ya joto kutoka moyoni. Ikizuiwa joto halifiki. Vena huondoa damu. Ikizuiwa damu hujikusanya mguuni.

3. Mtu aliyepumzika anahitaji damu kidogo, na ateri iliyobanwa huweza kuitoa. Akikimbia, mahitaji ya misuli hupanda mara nyingi na ateri hushindwa. Kipimo cha kupumzika hakiwezi kuondoa tatizo linalotokea wakati wa kazi; apimwe mara tu baada ya kazi.

Jibu hilo la tatu ndilo jibu la M pia. Kigimbi, umri wa miaka 18, uwiano wa 0.50 baada ya kukimbia: ushahidi unaelekea nyuma ya goti, na hatua inayofuata ni picha mguu ukiwa umekazwa. Katika mtihani hutakutana na M. Lakini huenda mwakani ukakutana naye uwanjani, amekaa pembeni akishika kigimbi huku wenzake wakimcheka. Muulize maswali mawili: maumivu huanza kilomita ya ngapi, na huisha baada ya dakika ngapi? Kisha mwambie aende na majibu hayo hospitalini.